Mjomba anataka kuweka rehani mikorosho ili nitengeneze magari ya kulala

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanaume wa miaka 34, mzaliwa wa Mikindani, mhandisi wa mitambo. Nakuandikia nikiwa nyumbani, kwenye likizo yangu ya siku 28. Zimebaki 17, na kabla hazijaisha kuna watu watatu wanaosubiri jibu langu: bosi wangu, mjomba wangu na mke wangu.

Kazi yangu iko Dar es Salaam, kwenye kampuni inayounda mashine ndogo za kusindika mazao. Nina miaka minane pale na mimi ndiye ninayechora. Kila kazi huanza na mtu mwenye kero. Mama wa kikundi anasema kibangulio kinamvunjia punje za korosho, au mafuta ya ganda yanamrukia na kumbabua mikono. Nakwenda kukaa naye, namwangalia anavyoinama, anavyoshika mpini, anapochoka. Narudi nachora. Tunaunda mfano wa kwanza, unagoma. Wa pili unagoma kidogo. Kibangulio changu cha mwisho kilifika mfano wa tano ndipo kikakubali, na punje zikatoka nzima.

Kwa sasa kibangulio hicho kiko stoo, chini ya turubai. Wakubwa waliona ni nafuu kuagiza mashine zilizokwisha tengenezwa nje na kuzipiga rangi yetu. Miaka mitatu sasa hakuna nilichochora kilichofika kwa mtu. Juni nikapewa barua ya kupandishwa cheo kuwa meneja. Mshahara unatoka milioni 1.9 kwenda milioni 2.8. Kazi itakuwa vikao, zabuni na ripoti. Kuchora hakumo.

Sasa habari ya magari. Miaka miwili iliyopita rafiki yangu tuliyesoma naye sekondari, ambaye anatembeza watalii Lindi, alinunua Hiace iliyokuwa ikibeba abiria. Akaniuliza kama naweza kuigeuza wageni wake walale humo, kama yale magari ya Ulaya. Nikaanza kusoma. Nikakuta kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilianza kufunga vitanda na makabati ndani ya Volkswagen tangu 1951. Lakini mengi niliyosoma yanahangaika na baridi, na kwetu adui ni joto na chumvi ya bahari. Nikapaka paa jeupe, nikaweka feni ya kutoa hewa juu, na kila bolti nikatumia isiyoshika kutu. Kitanda kinajikunja kuwa benchi. Kuna tangi la maji la lita 60, na hizo ni kilo 60, kwa hiyo nililiweka chini karibu na ekseli. Paneli ya jua ya wati 200 inachaji betri ya lithiamu ya volti 12. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini, nikatoboa tundu la kupumulia sakafuni chini ya mtungi. Nilichora usiku, baada ya kazi, kwenye kompyuta ya ofisi kwa sababu ndiyo yenye programu ya kuchorea. Mtoto wa mjomba wangu ni fundi bodi hapa Mtwara, ndiye aliyekata na kuchomelea.

Wageni wa kwanza walilala Msimbati, ufukweni. Rafiki yangu akanitumia video fupi. Mama mmoja mtu mzima anachemsha chai mlangoni huku anaongea na mwenzake, na mkono wake unakwenda kwenye komeo la droo bila yeye kulitafuta. Nilihama lile komeo mara nne kwenye mchoro. Mama, nimeitazama video hiyo mara nyingi kuliko picha za harusi yangu.

Tangu hapo wameulizia watu watatu. Mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye neno, amesikia. Ana mikorosho 80 upande wa Nanyamba. Anasema ataiweka rehani kwa mfanyabiashara mmoja, avune yeye kwa misimu mitatu, tununue Hiace ya mtumba niliyoiona Dar kwa milioni 28, tuifunge na kuiuza, kisha tununue nyingine. Akiba yangu ni milioni 11. Anasema, "Nimesomesha mhandisi, sasa nataka kuona kazi yake kwa macho."

Mke wangu ni mwalimu wa serikali Dar, na tuna mtoto wa miaka minne. Nilipomweleza alisema, "Sawa, wewe ndiye unayejua."

Kuna jambo jingine dogo. Machi, gari likiwapeleka wageni Tendaguru, kabati la juu ya kitanda lilichomoka ukutani. Lilikuwa limefungwa kwa skrubu kwenye bati badala ya bolti kwenye mbavu za bodi. Ilikuwa usiku, gari linatembea, hakuna aliyekuwa amelala chini yake. Nilikwenda Lindi wikiendi ileile nikalifunga upya. Mimi na rafiki yangu tulikubaliana yaishe.

Nikatae cheo nirudi Mtwara? Nikubali rehani? Au mimi ni mtu mzima anayeota ndoto za mtoto?

Msanifu, Mikindani

JIBU

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na ya tatu niliisoma kuanzia chini kwenda juu. Nitakueleza kwa nini.

Kwanza niseme nilivyokuelewa. Una kazi yenye mshahara na heshima, ila imekunyang'anya kile kilichokuleta kwenye kazi hiyo. Sasa inakupandisha, na ukipanda ndiyo kalamu unaiweka chini moja kwa moja. Upande wa pili kuna kazi ya mikono yako mwenyewe, ambayo umeiona mara moja ikiishi kwa mtu, nayo imekushika. Kati ya hizo mbili amesimama mjomba na mikorosho yake, na mkeo na neno lake moja. Kama nimekosea mahali, nisahihishe.

Hilo swali la ndoto za mtoto tuliondoe mezani. Mtu anayehama komeo mara nne ili mkono wa asiyemjua ulipate bila kutafuta, huyo haoti. Hiyo ni kazi, tena kazi ya upendo, na kukosa pa kuifanyia kunauma kama njaa. Nakuamini kabisa.

Nina wasiwasi kama umelitaja vizuri unalolikosa. Soma tena barua yako. Ulipoeleza kibangulio ulianza na mama mwenye mikono iliyobabuka. Ulipoeleza gari ulimalizia na mama anayechemsha chai. Hiace yenyewe umeieleza kama fundi mzuri, lakini macho yako yako kwa watu. Basi najiuliza, na wewe ujiulize ukiwa peke yako pale ufukweni: kiu yako ni ya magari ya kulala, au ni ya kuona kitu ulichokichora kikimfikia mtu? Kama ni hilo la pili, milango ni mingi kuliko miwili uliyoniandikia. Kuna kampuni nyingine. Kuna SIDO, shirika lililoanzishwa 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na lina ofisi Mtwara na Lindi. Kuna vikundi vya ubanguaji Newala na Tandahimba ambavyo bado vinababuka mikono leo. Kama ni magari hasa, pia ni sawa. Ila ukijua ni lipi utajua unachokwenda kukilinda.

Sasa mikorosho. Hapa nisamehe, nitazungumza kama mtoto wa mkulima na si kama mshauri. Nimekulia Nachingwea. Nimeiona mikorosho ya mama yangu ikienda rehani kwa jirani ili kaka yangu asome. Tulikuwa tunapita njiani wakati wa kuokota, tunaona korosho zimelala chini ya miti yetu, na hatuinami. Jirani hakuwa mbaya. Alitoa fedha siku tuliyokuwa hatuna. Lakini bei ya rehani hupangwa siku mwenye shamba ana shida, ndiyo maana kila mara huwa chini. Sisi tunaoishi Kusini tunaijua kangomba, ule ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi kwa bei ya chini, na tunajua serikali inavyoipiga vita. Kwangu rehani ya misimu mitatu ni ndugu wa damu wa kangomba. Hata ukisema utamlipa mjomba, miaka mitatu ya msimu mzuri hairudi.

Tena huu ni Agosti. Miti inachanua, na kuanzia Oktoba minada itafunguliwa. Mjomba akiuza kwa stakabadhi ghalani, yaani akipeleka korosho ghala kuu kupitia chama chake cha msingi cha ushirika, apewe risiti na ziuzwe mnadani, baada ya miezi michache atakuwa na fedha mkononi na miti bado yake. Akitaka kukuchangia wakati huo, atachangia kutoka kwenye mavuno na siyo kutoka kwenye mizizi. Sisemi umkatalie. Mjomba kukwambia anataka kuona kazi yako kwa macho ni baraka, na baraka haikataliwi kwa barua wala kwa simu. Lakini unaweza kumwomba asubiri minada, na kusubiri siyo dharau.

Ndipo nikarudi kwa wale Westfalia wako. Kwa kuwa uliwataja, nilikwenda kuwasoma, maana mambo haya ni mageni kwangu. Nikakuta katika miaka ile ya mwanzo walikuwa wakiuza sanduku: samani zinazoingia ndani ya gari na kutoka. Mwenye gari hubeba mizigo yake siku za kazi, mwishoni mwa wiki anapachika sanduku anakwenda kulala porini na familia. Gari lilikuwa lake tayari. Nikawaza, mwanangu, kwa nini hesabu yako inaanzia kwenye kununua Hiace ya milioni 28? Hao watatu walioulizia, wana magari yao au hawana? Kama wanayo, unachowauzia ni mchoro, mbao, waya na kazi ya binamu yako, na nusu ya fedha wanatanguliza wao. Milioni 11 zako zinaweza kutosha karakana ya namna hiyo, na hakuna mkorosho utakaoguswa. Labda kuna sababu ya kihandisi inayokataa, wewe ndiye unayejua uzito na vipimo. Mimi nauliza tu kama uliwahi kulichora wazo hilo kabla ya kulikataa.

Na hao wanunuzi ni akina nani hasa? Watalii wanaoendesha wenyewe huku kwetu bado ni wachache. Kilwa Kisiwani iko kwenye urithi wa dunia tangu 1981, Mikindani ina majumba yake ya kale, Msimbati ina ufukwe usio na mfano, lakini kutoka Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, na Mei 2024 mvua zilipokata barabara upande wa Somanga tulijua wote maana ya kutegemea njia moja. Ukitegemea wageni tu, masika itakuwa miezi ya kufunga mkanda. Lakini nimewaza watu wengine wanaolala barabarani Kusini: wafanyabiashara wa korosho wanaozunguka kutoka Masasi hadi Liwale, watafiti, wauguzi wa kliniki tembezi, hata mama anayetaka kuuza chakula kutoka kwenye gari. Kitanda kinachokunjwa na umeme wa jua vinawafaa pia. Zungumza na wachache wao kabla likizo haijaisha. Kaa nao kama ulivyokaa na wale wabanguaji.

Sasa nakuja kwenye ile aya niliyoanza nayo niliposoma kwa kurudi nyuma. Kabati.

Umeliita jambo dogo, na ukaliweka mwisho baada ya mke, kama mtu anayeingiza kitu mfukoni mwa mwenzake akitumaini hakitaonekana. Mimi nadhani ndilo lililokufanya uandike. Hiace ilikuwa inatembea usiku kwenye barabara mbovu ya kwenda kule Wajerumani walikochimba mifupa ya mijusi wakubwa kati ya 1909 na 1913, na kabati lako likaanguka pahala ambapo saa moja baadaye mtu angekuwa ameweka kichwa. Uliogopa. Nadhani bado unaogopa, na hujapata wa kumwambia, kwa sababu mjomba anajivuna, mke amesema sawa, na rafiki amesema yaishe.

Sikulaumu. Ulikwenda wikiendi ileile, wengi wasingekwenda. Ila angalia tofauti hii. Kibangulio kilipata mifano mitano. Gari lilipata mmoja, na mfano huo ulijaribiwa na wageni wakiwa ndani. Hapakuwa na mtu wa pili wa kuutazama mchoro, kwa sababu ulichorwa usiku kwa siri. Ofisini, pamoja na mambo yake yote yanayokuchosha, kuna mwenzako anayeuliza, "Hii umeifunga wapi?" Ukija Mtwara peke yako, atakayeuliza ni nani? Binamu yako ana mikono mizuri, lakini je, anaweza kukuambia umekosea? Swali hilo naliona kubwa kuliko swali la mtaji. Linaweza kupata jibu: mhandisi mwenzako wa kukagua michoro, mwalimu wa karakana ya chuo cha ufundi cha VETA, miezi ya kulipitisha gari barabara ya vumbi likiwa na magunia ya mchanga vitandani kabla halijabeba binadamu. Gharama yake uitie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Yapo mengine nitayapitia haraka. Usome mkataba wako wa kazi, kifungu cha shughuli za nje na cha michoro. Kwa kawaida unachochora kwa ajili ya kazi ni mali ya mwajiri, na ulichokichora kwenye kompyuta yake usiku kinaweza kuleta maneno siku biashara ikikua. Afadhali ujue sasa. Gari likishabadilishwa ndani, wa bima aambiwe, na uulize mamlaka husika kuhusu kadi ya gari kabla ya kuchoma welding. Rafiki yako wa Lindi anapakia wageni wanaolipa; kama bima yake bado inasema ni Hiace ya abiria, yeye na wewe mko pabaya leo, si kesho. Na kama umesajiliwa na Bodi ya Wahandisi, jina lako liko kwenye kabati lile, hata kama mlikubaliana yaishe.

Kuhusu cheo, sioni kwamba ni kukubali au kuacha kazi tu. Unaweza kukishukuru na kuomba ubaki mchoraji, ukiwaambia wazi kwamba kibangulio kilichoko stoo kinakuumiza. Huenda hakuna aliyewahi kuwaambia. Hatari yake ni kwamba wanaweza kukuona mtu asiye na nia, na nafasi isirudi. Unaweza kukikubali kwa mwaka mmoja ukaweka akiba ile laki tisa ya nyongeza kila mwezi. Hatari yake ni kwamba mwaka huwa miwili, na mkono usiochora hupoa. Unaweza kuomba likizo bila malipo ya miezi mitatu ukafunga gari la kwanza la hao watatu. Hatari yake ni kuambiwa hapana na kila mtu kujua una mguu nje. Au unaweza kuondoka; kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28, na baada ya hapo mambo ya nyumbani yatabebwa na mshahara wa mwalimu mmoja. Kila njia ina gharama yake, na ni wewe unayejua ipi unaweza kuilipa bila kununa.

Si wewe peke yako, lakini. "Sawa, wewe ndiye unayejua." Nimeolewa miaka thelathini na moja, mwanangu, na neno hilo nimelisema. Kwangu halikuwahi kumaanisha ndiyo. Mara nyingine lilimaanisha nimechoka, mara nyingine lilimaanisha umeshaamua, unaniuliza ya nini. Sijui la mkeo lina maana gani. Mwalimu wa serikali hahami kutoka Dar kuja Mtwara kwa wiki mbili. Uhamisho una foleni yake. Je, mngeishi mbali kwa mwaka? Mtoto angekaa na nani? Umemwonyesha ile video? Nakuuliza kwa sababu ulinieleza mimi, mtu usiyenijua, habari ya mkono na komeo, na sikuona mahali ulipoandika kwamba ulimweleza yeye. Pengine hajawahi kuona unachokiona. Pengine amekiona zamani, na anachongoja ni kuulizwa anaogopa nini.

Siku 17 si chache. Kama ningekuwa jirani yako hapo Mikindani ningekuomba uanze kwa kwenda Nanyamba, mkae wewe na mjomba chini ya miti hiyohiyo, umweleze habari ya kabati. Yote, pamoja na saa ngapi na barabara ipi. Mzee anayetaka kuona kazi yako kwa macho anastahili kuiona pande zote, na atakachokuambia akishaijua, hata kikiwa tofauti na haya yangu, kisikilize. Kisha piga simu Dar, jioni, mtoto akishalala.

Niandikie mlivyozungumza, hata mistari miwili.